Gari linachemsha kwenye foleni tu: nishushe silinda hedi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Premio ya mwaka 2003, injini ya 1NZ, imeshatembea kilomita 268,000. Naishi Mbezi Mwisho na kazi yangu iko Posta. Asubuhi naondoka kabla hakujapambazuka na gari halina shida yoyote. Jioni nikinasa kwenye foleni ya Magomeni mpaka Ubungo, mshale wa geji ya joto unapanda, na nikiwasha AC ndiyo unapanda haraka zaidi. Nikishavuka Kimara, barabara ikifunguka, unashuka wenyewe. Maji yanapungua kama nusu lita kwa wiki, ila sijawahi kuona yakidondoka. Fundi wa kwanza alitoa themostati. Wa pili akaunganisha feni dairekti. Wa tatu anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, nishushe hedi. Nimsikilize?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, usishushe hedi bado, yaani kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda kwa juu; gasketi ni ile karatasi ya kuziba kati yake na bloku, mwili wa injini. Huyo fundi wa tatu anaweza kuja kuwa sahihi, hasa ukiendelea kuliendesha gari huku linachemsha, lakini kwa haya uliyoyaeleza ameanzia mwisho. Na nakuomba kuanzia kesho usirudi nalo Magomeni jioni mpaka tumalize haya. Panda basi la mwendokasi siku mbili tatu, uliache nyumbani. Kila mara gari linapochemsha, gasketi na hedi vinaumia kidogo, na ugonjwa ambao leo haupo utakuja kuwepo.

Wewe mwenyewe umeshataja jambo kubwa kuliko yote: linachemsha wakati gani. Joto la injini linaondolewa kwa hatua mbili. Maji yanalichukua kwenye silinda na kulipeleka kwenye rejeta, kisha upepo unalitoa kwenye rejeta na kulitupa nje. Ukiwa barabarani unakimbia 70 au 80, upepo unakuja wenyewe kupitia shoo ya mbele (grili), feni haina kazi kubwa. Ukiwa umesimama Magomeni, upepo wote ni wa feni. Sasa kama tatizo lingekuwa kwenye mzunguko wa maji, tuseme rejeta imeziba kwa ndani au pampu ya maji imeliwa mapanga yake, gari lingekusumbua zaidi pale injini inapofanya kazi ngumu: mwendo mkubwa, mlima, gari limejaa watu. Gasketi iliyoungua nayo hulalamika zaidi injini ikipewa mzigo. La kwako ni kinyume chake, likikimbia linapoa. Hilo linanielekeza kwenye upepo. Na AC inaongezea ushahidi, kwa sababu kondensa yake imekaa mbele ya rejeta na inamwaga joto lake humo humo.

Kwa hiyo tuanze na feni, na hasa hiyo kazi ya fundi wa pili ya kuiunganisha dairekti, yaani moja kwa moja kwenye umeme bila kupitia mfumo wake.

Feni ya umeme ikigeuziwa nyaya, chanya ikaenda penye hasi, haizimi wala haiunguzi fyuzi. Inazunguka kinyumenyume. Ukiitazama unaiona inazunguka, unaisikia inavuma, unaridhika. Kumbe badala ya kuvuta hewa ya nje ipite kwenye rejeta, inachukua hewa ya moto ya ndani ya boneti na kuisukumia rejeta. Ukikimbia, upepo wa barabara unaishinda nguvu, gari linapoa. Ukisimama, linachemsha. Niliwahi kuletewa Corolla ya namna hiyo hapa kwetu, imeshabadilishiwa rejeta na pampu kwenye gereji nyingine, mwenyewe ameshatumia fedha nyingi na amekata tamaa. Nilichukua karatasi ya daftari, nikaisogeza mbele ya shoo huku feni ikizunguka. Ikapeperushwa ikaniangukia miguuni. Nikageuza nyaya mbili, nikairudisha karatasi palepale, ikanyonywa ikaganda kwenye nyavu. Kazi ya dakika kumi.

Fanya jaribio hilo hilo. Injini ikiwa inaunguruma na AC imewashwa, shika karatasi mbele, karibu na nyavu za kondensa. Inatakiwa ivutwe na ing'ang'anie. Ikisukumwa, feni inazunguka kinyume. Ikivutwa kwa unyonge na kudondoka, feni ni dhaifu: ama mota imechoka, kwa sababu brashi za ndani zinaisha kama za mota yoyote na kwa umri huo ni jambo la kawaida, ama waya uliotumika kuunganisha dairekti ni mwembamba. Feni moja inaweza kuvuta ampea 10 na zaidi. Ukiipitishia waya wa taa ya kuashiria, umeme unapotelea njiani, feni inazunguka kivivu na waya wenyewe unapata moto. Nimeona waya wa aina hiyo umeyeyuka mpaka ganda likashikana na la jirani yake. Kwa hiyo hata kama karatasi itavutwa vizuri, mwite fundi umeme wa magari arudishe mfumo kama ulivyokuwa: relei yake (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi yake, na feni iwake pale kompyuta ya gari inapoiamuru. Fundi wa pili hakutafuta kwa nini feni haikuwaka yenyewe. Inaweza kuwa relei, inaweza kuwa soketi iliyoingia kutu, inaweza kuwa sensa ya joto. Vyote hivyo ni vitu vya bei ndogo. Angalia pia kava la plastiki linalozunguka feni. Likiwa limevunjika au halikurudishwa, feni inavuta hewa ya pembeni na kuiacha rejeta.

Jambo la pili linahitaji tochi ya simu tu. Gari likiwa baridi kabisa, fungua boneti, ingiza mwanga upande wa nyuma wa rejeta, pale injini inapokaa, kisha nenda mbele uchungulie kupitia shoo. Unatakiwa kuona mwanga ukipenya vitundu vingi vidogo. Pale usipoona mwanga, na upepo nao haupiti. Kwenye magari yaliyozeeka hapa Dar, hasa yaliyopita miaka mingi kwenye vumbi la ujenzi wa barabara zetu, kati ya kondensa ya AC na rejeta panajaa tabaka la vumbi, nyuzi za mifuko, manyoya na wadudu. Vinashikana vinakuwa kama kipande cha blanketi. Kutoka mbele huoni kitu, kwa sababu kondensa inaficha. Inabidi rejeta ilegezwe bolti zake za juu na kuinamishwa nyuma ndipo blanketi hilo lionekane. Liondoe kwa brashi laini na maji ya mpira wa kawaida, ukipiga kutoka upande wa injini kwenda mbele, kurudi njia uchafu ulikoingilia. Usimruhusu kijana wa kuosha magari apige hapo na mashine ya presha kwa karibu. Nyavu zile ni laini kama karatasi ya sigara, zikilala upepo umezibwa kabisa.

Kama ningeweka dau, ningeliweka kwenye mambo haya mawili. Lakini bado kuna nusu lita ya maji kwa wiki, na hiyo siidharau.

Anza na mfuniko wa rejeta. Watu wanauona ni kizibo tu cha kuzuia maji yasimwagike. Mifuniko ya Toyota za aina hii mara nyingi imeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, na hiyo ni presha, takriban kwa baa, ambayo spiringi yake inaihimili kabla ya kuachia. Maji ya chai yako hapo Mbezi yanachemka kwenye nyuzi 100. Yakiwa ndani ya mfumo uliofungwa kwa presha ya 1.1, yanavumilia mpaka karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka, na ukiwa na kulanti sahihi, ile dawa ya kupoozea injini, yanavumilia zaidi. Mpira wa mfuniko ukikakamaa au spiringi ikilegea, umepoteza nyuzi karibu 20 za usalama. Kwenye foleni, ambako mfumo wenye upepo mbovu unafika nyuzi 105 au 110, maji yanaanza kuchemka na kukimbilia kwenye kopo la akiba, na kopo likijaa yanatoka kama mvuke. Huoni tone chini.

Katikati ya mfuniko huo huo kuna vali ndogo ya kurudisha. Gari likipoa usiku, maji yanasinyaa na rejeta inayavuta tena kutoka kwenye kopo. Vali hiyo ikiganda, kopo linabaki limejaa huku rejeta inazidi kupungua, na mpira wa juu asubuhi unaukuta umebonyea kama umekanyagwa. Tia alama ya kalamu kwenye kopo jioni ukifika, kisha litazame asubuhi kabla hujawasha. Kama maji hayakushuka, badilisha mfuniko, weka wenye namba ileile. Usikubali uliowekewa namba kubwa zaidi ili kuongeza nguvu. Rejeta ya miaka zaidi ya 20 yenye matangi ya plastiki haiwezi presha hiyo ya ziada, itapasukia kwenye maungio.

Kisha tafuta uvujaji unaokauka kabla ya kudondoka. Maji yakigusa chuma cha moto yanageuka mvuke, lakini yanaacha ukoko wa rangi, mwekundu au wa pinki kama kulanti ni ya Toyota, mweupe au wa kutu kama ni maji matupu. Angalia pale tangi la plastiki linapokutana na alumini, chini ya vibano vya mipira, na kwenye pampu ya maji, ambayo ina kitundu kidogo cha kutolea maji sili yake ikianza kuisha. Pampu ya injini hii inazungushwa na mkanda wa nje, kwa hiyo kuifikia na kuibadilisha si kazi ya kutisha. Shika pia zulia miguuni kwa abiria wa mbele. Likiwa na unyevu wenye harufu ya utamu, basi ni rejeta ndogo ya hita inayovuja ndani. Fundi mwenye pampu ya kupimia presha atakumalizia ubishi wote huu: anaifunga mahali pa mfuniko injini ikiwa baridi, anajaza presha mpaka ile namba ya mfuniko, anasubiri kama robo saa. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, na hapo ndipo pa kutafutwa.

Sasa themostati, ile vali inayofunguka na kujifunga kwa joto la maji. Hapa naomba univumilie, maana ni jambo linaloniuma kila wiki. Mafundi wetu wengi wanaitoa na kumwambia mteja kwamba ni ya nchi za baridi, sisi huku joto tunalo. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Kwenye injini nyingi za Toyota inaanza kufunguka karibu nyuzi 82. Injini isiyo nayo inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, oili inabaki na unyevu, na silinda zinalika haraka. Na kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaijui. Themostati ya Toyota nyingi ina kisahani cha pili upande wa nyuma. Inapofunguka kwenda rejeta, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato ambayo maji huipitia kurudi kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini pasipo kuiona rejeta. Fundi ametoa kifaa ili gari lipoe, na kumbe kwenye foleni amelipunguzia uwezo wa kupoa. Rudisha themostati, ya kiwango kilekile, na kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wake kikae juu ili hewa ipate pa kutokea. Kabla ya kuifunga ijaribu nyumbani: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, ining'inie kwa uzi isiguse chini, washa jiko. Inatakiwa ifunguke kabla maji hayajaanza kutokota. Ukitoa nje na ikapoa, ifunge tena yenyewe.

Baada ya kurudisha kila kitu, mfumo ujazwe vizuri na kutolewa hewa. Pua ya gari iwe juu kidogo, hita ifunguliwe kwenye joto kali, maji yaongezwe polepole injini ikiwa inaunguruma mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki kwenye hedi, gari litachemsha hata kama vifaa vyote ni vipya.

Ni maji gani? Si ya kisima. Visima vingi vya Dar, hasa vya karibu na pwani, vina chumvi, na injini yako ni alumini juu na chini. Chumvi inaitafuna alumini na kuacha magamba yanayoziba vijia vyembamba vya rejeta. Tumia kulanti iliyokwisha changanywa, au ile nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma lebo kwa makini, kwa sababu dukani hukaa rafu moja na asidi ya betri. Na dawa za kuziba rejeta, pamoja na bizari ya manjano ya jikoni ambayo bado naikuta ndani ya rejeta za watu, usitie. Havichagui tundu la kuziba.

Tuje kwa gasketi, ili usibaki na wasiwasi. Asubuhi gari likiwa baridi kabisa, fungua rejeta, ijaze mpaka juu, washa injini bila kurudisha mfuniko. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa iliyokwama, vitaisha. Yakija mapovu mfululizo kama soda iliyofunguliwa, na yakazidi ukipiga resi, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Zima, rudisha mfuniko, subiri ipoe, washa tena na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika mbili, maji yakiwa hayajapata hata joto, hiyo presha haikutoka kwenye joto, imetoka kwenye silinda. Kuna pia dawa ya bluu ya kupimia, inayovutiwa hewa ya juu ya rejeta. Ikigeuka kuwa njano kuna gesi ya ekzosi mle ndani. Mwambie fundi atoe plagi zote nne na kuzipanga kwa mfuatano. Silinda inayokunywa maji, plagi yake huwa safi kuliko za wenzake, kama imeoshwa. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki ni dalili mbaya sana, ila utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, hasa kwenye gari lililokaa bila themostati.

Gari likifaulu majaribio hayo, hedi ibaki ilipo.

Neno moja kuhusu geji. Kwenye magari mengi ya miaka hiyo mshale umetengenezwa utulie katikati kwa nyuzi nyingi tu, ili dereva asihangaike. Ukiuona umeanza kupanda kupita katikati, ujue joto limeshapita kiasi zamani. Kwa hiyo siku mshale ukipanda njiani usijipe moyo kwamba Ubungo ni hapo tu. Zima AC, fungua vioo, washa hita kwenye joto kali na upepo wa mwisho. Utatoka jasho, lakini rejeta ndogo ya hita inapunguza joto la injini. Tafuta pa kuegesha, zima, fungua boneti, kisha kaa mbali. Mfuniko usiuguse kabla ya dakika 45, na hata hapo shika kwa kitambaa kizito na uuzungushe hatua ya kwanza tu mpaka sauti ya mvuke iishe. Maji yaliyo chini ya presha kwenye nyuzi 110 yakifunguliwa ghafla yanaruka usoni yakiwa mvuke, na mimi nimewapeleka hospitali watu wawili kwa kosa hilo. Usimwagie injini maji ya baridi. Chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka.

Na ikitokea majaribio yote yameonyesha kweli ni gasketi, basi hedi ishushwe, lakini ushushaji wenyewe una masharti. Hedi ipelekwe kwenye karakana yenye mashine, ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Kikomo cha Toyota kwa injini nyingi za petroli ni milimita 0.05 tu ya kupinda, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Ipimwe nyufa kwa presha kabla ya kusawazishwa. Uso wa bloku nao upimwe, kwa kuwa ni alumini vilevile na mafundi wengi wanausahau. Bolti zikaguliwe kama zimevutika, na zikazwe kwa mpangilio na kwa kipimo, si kwa nguvu za mkono. Kisha mwombe fundi akupe gasketi ya zamani mkononi mwako. Iliyoungua ina alama: ukingo mweusi ulioliwa kati ya tundu la silinda na tundu la maji, unaupata hata kwa kidole. Ukiigeuza pande zote mbili na usione alama hiyo, na hedi haijapinda wala kupasuka, ugonjwa bado uko ndani ya gari, na jioni ya kwanza Magomeni utaukuta tena. Mwambie kabla hajafunga arudi akaangalie feni.